Pembe ya Shamba: Tulivyokisoma Kitabu cha Ruthu Ugogo

Dada mpendwa, ukimwuliza mama wa Ugogo ni mwezi gani anaoupenda kuliko yote, yaelekea atakutajia Juni. Mvua zimekoma, asubuhi kuna baridi ya kutaka kanga ya pili mabegani, uwele umekauka shambani, na watoto wanakula wakashiba. Ndio mwezi tuliouchagua kufunga safari ya Dodoma mwaka 2025. Hatukwenda kutazama Bunge wala majengo mapya ya serikali, ingawa ni mengi na yanapendeza. Tulikwenda na swali, tukitaka kulitafutia jibu mahali penye mavuno.

Swali lenyewe lilizuka katika kikundi chetu cha akina mama cha kujifunza Biblia, Dar es Salaam. Mmoja wetu alikuwa amesoma kwamba kila mwaka, katika Sikukuu ya Majuma, Wayahudi hukisoma Kitabu cha Ruthu katika masinagogi yao. Akauliza, "Kwa nini Ruthu? Siku kubwa kama hiyo, kwa nini wasome habari za mama mkwe na mke wa mwanawe?" Tulicheka kidogo. Kisha tukanyamaza, maana katika chumba kile karibu kila mmoja alikuwa ni mkwe wa mtu au ana mkwe, na si wote waliokuwa na amani.

Sikukuu yenyewe ni ipi?

Kabla hatujapanda treni, tuieleze kwanza sikukuu hiyo. Imeamriwa katika Mambo ya Walawi sura ya 23 na Kumbukumbu la Torati sura ya 16. Waisraeli waliagizwa wahesabu majuma saba kamili tangu mganda wa kwanza wa mavuno, wakati wa Pasaka. Siku 49 zikitimia, siku ya 50 ni sikukuu. Katika nchi ile shayiri huiva kwanza, na ngano hufuata. Kwa hiyo majuma hayo saba ni mwendo wa kutoka shayiri hadi ngano. Siku ya 50 walileta mbele za Bwana mikate miwili ya unga mpya, iliyotiwa chachu, kuwa malimbuko. Kwa Kiyunani siku hiyo iliitwa Pentekoste, maana yake "ya hamsini". Naam, ndiyo Pentekoste yetu.

Warumi walipoliharibu Hekalu mwaka 70, hapakuwa tena mahali pa kupeleka mikate ile. Wayahudi wakaendelea kuishika siku hiyo kwa sala na kwa kusoma. Husoma Kutoka sura ya 19 na ya 20, jinsi Mungu alivyotoa Amri Kumi mlimani Sinai, kwa kuwa mapokeo yao husema Sheria ilitolewa siku hiyo. Husoma pia Ezekieli sura ya 1. Walio nje ya nchi ya Israeli huadhimisha siku mbili, na siku ya pili husoma Habakuki sura ya 3. Kisha huja Ruthu, kimoja cha vitabu vitano vidogo ambavyo kila kimoja kina siku yake: Wimbo Ulio Bora wakati wa Pasaka, Ruthu katika Majuma, Maombolezo siku ya kukumbuka kuharibiwa kwa Hekalu, Mhubiri katika Sikukuu ya Vibanda, na Esta siku ya Purimu.

Wengine hukesha usiku wakijifunza Maandiko, hupamba masinagogi kwa majani mabichi, na hula vyakula vya maziwa. Wala mambo haya hayako mbali nasi. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 chini ya uongozi wa Semei Kakungulu. Wengi wao ni wakulima kama sisi, nao huzishika sikukuu za Kiyahudi.

Mwaka 2025 Sikukuu ya Majuma ilianza jioni ya tarehe 1 Juni. Pentekoste yetu iliangukia tarehe 8 Juni. Katikati ya siku hizo mbili ndipo tulipokuwa njiani.

Nchi ya mvua moja

Tulipokuwa wasichana, safari ya treni kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa ya usiku kucha, na vikapu vya chakula. Reli ile ya kwanza, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Dodoma mwaka 1910. Safari hii tulipanda treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, na kwa muda wa saa nne hivi tulikuwa tumeshafika. Ukipita Morogoro utaona nchi ikibadilika dirishani. Migomba hupungua, mibuyu huongezeka, na udongo huwa mwekundu.

Dodoma iko juu ya uwanda wa kati, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja tu, kwa kawaida tangu Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kiasi cha milimita 550 hadi 600. Ikichelewa, au ikikatika Februari mimea ikiwa bado michanga, hakuna mvua nyingine ya kuisubiri. Ndiyo maana watu wa huku hawakuyategemea mahindi tu, bali uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame. Katika vijiji kama Hombolo, Mpunguzi na Makutupora wameongeza zabibu. Nchi ya Yuda nayo ina msimu mmoja wa mvua, kisha kiangazi kirefu. Mama aliyezaliwa Ugogo akisoma Biblia hana haja ya kuelezwa maana ya kungoja mvua.

Wala hana haja ya kuelezwa njaa. Tulipowataja wazee neno Mtunya, hawakuuliza tunasema nini. Ni jina la njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka, yakawachukua wanaume kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Watu maelfu kwa maelfu walikufa, na wengine wakatawanyika kwenda nchi za jirani kutafuta chakula. Kiswahili kina neno la kwenda kutafuta chakula wakati wa njaa: kuhemea.

Kitabu cha Ruthu huanza kwa kuhemea. Elimeleki wa Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate, anaona nyumba ya mkate haina mkate. Anamchukua mkewe Naomi na watoto wao wawili, wanahamia Moabu. Huko Elimeleki anafariki. Wana wanaoa wanawake wa Kimoabu, Orpa na Ruthu, na baada ya miaka kama kumi wana nao wanafariki. Wanabaki wajane watatu katika nyumba moja. Naomi anasikia kwamba kwao kuna chakula tena, anaanza safari ya kurudi, na Ruthu anakataa kumwacha.

Shambani

Mwenyeji wetu alikuwa mama mjane mwenye umri wa kuitwa bibi, katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma. Tulipofika alitoka na kutuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Nasi, tukijua neno hilo moja tu, tukaitikia na kuongeza "Shikamoo, bibi," akacheka. Kabla hatujakaa vizuri tulikuwa tumeletewa maji ya kunawa, ugali wa uwele na mlenda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi hatukungoja siku ya tatu. Kesho yake asubuhi tulikwenda naye shambani, pamoja na mke wa marehemu mwanawe na wajukuu wawili. Kazi ilikuwa kukata masuke ya uwele na kuyapeleka kwenye uwanja uliosiribwa kwa udongo, ambako hukaushwa, hupurwa kwa fimbo, kisha hupepetwa kwa ungo upepo ukivuma. Dungu alilokaa mjukuu kufukuza ndege bado lilikuwa limesimama. Kwelea kwelea wakishuka kwa kundi, alisema bibi, asubuhi moja hutosha kumaliza jasho la miezi minne.

Baada ya saa moja tu migongo yetu ilikuwa inauma. Ndipo tulipoanza kumwelewa Ruthu. Yeye hakuwa akivuna. Alikuwa akiokota nyuma ya wavunaji yale yaliyoanguka, tangu asubuhi hata jioni. Biblia inasema alipoipura shayiri aliyookota alipata kadiri ya efa moja. Wataalamu huihesabu efa kuwa kama lita 22 hivi, yaani zaidi kidogo ya debe. Bibi alituonyesha debe lake la uwele, akasema, "Beba." Tulilibeba kwa hatua ishirini. Ruthu alilibeba lake hadi mjini, akiwa na chakula alichokibakiza mchana kwa ajili ya mama mkwe wake.

Tuliona jambo jingine. Bibi alipofika mwisho wa shamba, kwenye pembe iliyo karibu na njia, aliacha. Masuke yalikuwa bado yamesimama, kama hatua kumi kwa kumi. Tukadhani amechoka, tukaenda kumalizia. Akatuita turudi. "Hayo si yetu," alisema. "Kuna wasio na shamba. Tena sipendi kuombwa. Nataka mtu apite achukue bila kunitazama usoni."

Aya iliyofichika

Jioni tulifungua Mambo ya Walawi sura ya 23. Msomaji, fungua nawe uone. Aya ya 15 hadi ya 21 zaeleza Sikukuu ya Majuma: hesabu ya siku, mikate miwili, wana-kondoo, kusanyiko takatifu. Kisha inakuja aya ya 22, ambayo haizungumzii tena sadaka. Inaamuru kwamba mtu avunapo asimalize kabisa pembe za shamba lake, wala asirudi kuokota yaliyoanguka. Ayaache kwa ajili ya maskini na mgeni. Kisha sura inaendelea na sikukuu nyingine, kama kwamba hakuna lililokatizwa.

Tulikuwa tumeisoma sura ile mara nyingi bila kuiona aya hiyo. Kwa nini iwe pale, katikati ya orodha ya sikukuu? Tuliona sababu moja tu inayotosha. Pembe ya shamba ni sehemu ya sikukuu yenyewe. Mikate miwili hupelekwa madhabahuni na pembe huachiwa mwenye njaa. Asiyeiacha pembe bado hajaiadhimisha sikukuu, hata angeleta mikate kumi.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliitafakari sana amri hiyo. Katika kitabu chao cha sheria kiitwacho Mishna walisema pembe haina kipimo cha juu, lakini isipungue sehemu moja ya sitini ya mazao. Suke moja au mawili yakianguka pamoja ni ya maskini. Matatu ni ya mwenye shamba. Tena mwenye shamba haruhusiwi kuchagua nani aje kuokota, akimpendelea huyu na kumfukuza yule. Kwa maneno mengine, ile si zawadi yake ya kugawa. Ni haki ya maskini, ambayo imeota tu katika shamba la mtu mwingine.

Hapo ndipo tulipoona kwa nini Ruthu husomwa siku hiyo. Walimu wao hutaja sababu kadhaa: habari zake zilitokea wakati wa kuvuna shayiri na ngano, Ruthu aliupokea uongozi wa Mungu wa Israeli kwa hiari yake, kama Israeli walivyoipokea Sheria Sinai, na mwishoni anazaliwa Obedi, babu wa Mfalme Daudi. Mmoja wao, Rabi Zeira, alisema kitabu hiki hakina amri za kilicho safi na kilicho najisi, bali kimeandikwa kutufundisha thawabu kubwa ya wanaotenda fadhili. Sababu zote hizo ni njema. Nasi tukaongeza ya kwetu, ya kinamama. Amri ya aya ya 22 hutaja tu "maskini na mgeni". Ruthu humpa maskini huyo jina, mgongo unaouma, na mama mkwe anayengoja nyumbani.

Tena si mgeni wa kawaida. Kumbukumbu la Torati sura ya 23 lilimzuia Mmoabu asiingie katika kusanyiko la Bwana, na sababu iliyotolewa ni kwamba Wamoabu hawakuwalaki Israeli kwa chakula na maji walipotoka Misri. Sasa tazama: katika sikukuu ya mavuno husomwa habari za Mmoabu mwanamke aliyemletea mjane Mwisraeli debe zima la chakula.

Aliyetaka shamba bila mjane

Usiku wa pili, tukiwa tumeuzunguka moto, tulimsomea bibi kitabu chote, sura zake nne. Haichukui hata nusu saa. Tulipofika sura ya nne, mke wa marehemu mwanawe, aliyekuwa akichambua mboga, aliacha kuchambua.

Mtakumbuka kwamba palikuwa na ndugu wa karibu zaidi kuliko Boazi. Boazi alipomwita mbele ya wazee kumi langoni na kumwambia kuna shamba la Elimeleki la kukombolewa, alikubali mara moja. Alipoambiwa kwamba pamoja na shamba yuko Ruthu mjane wa marehemu, akakataa asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Alilitaka shamba, hakumtaka mjane.

"Huyo tunamjua," alisema bibi polepole.

Ndipo alipotueleza. Mwanawe alifariki miaka mitatu kabla. Mkwe wake huyu ni Mnyaturu kutoka upande wa Singida. Alipoletwa pale hakujua Kigogo. "Nilimwita mgeni miaka sita," bibi alisema, mkwe wake akiwa anasikia. "Akipika, nasema chumvi imezidi. Akinyamaza, nasema ana kiburi. Mwanangu alipofariki nilisema moyoni, sasa atarudi kwao." Baada ya arobaini, ndugu wa mume walikuja kulitaka shamba la ekari tatu, wakisema mwanamke wa kuja hawezi kubaki na ardhi ya ukoo. Watoto wabaki, yeye aende.

"Walinijia mimi kwanza," bibi aliendelea. "Walitaka niseme neno moja tu, kwamba shamba ni la ukoo. Usiku ule sikulala. Nilikumbuka nilivyokuja mimi mwenyewe katika boma hili, mtoto wa miaka kumi na saba, na nani alinipokea. Hakuna aliyenipokea. Asubuhi nikamwambia mkwe wangu, vaa, twende."

Walikwenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Ni vizuri kila mama ajue jambo hili. Taratibu za mirathi za kimila zilizochapishwa na serikali mwaka 1963 zilimwacha mjane bila fungu lake mwenyewe katika mali ya mumewe, akitegemea kutunzwa na watoto wake. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema, katika kifungu cha 20, kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Sheria hiyo hiyo iliweka baraza la usuluhishi la watu saba katika kijiji, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Ndilo lango la mji la siku zetu.

Tulimwuliza bibi alisema nini barazani. "Sikusema mengi. Niliulizwa shamba hili nani amelilima. Nikasema huyu. Nikaulizwa huyu ni nani kwako. Nikasema ni mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Sikuwahi kumwita hivyo."

Mkwe wake aliinama akaendelea kuchambua mboga. Hatukumwuliza kitu. Lakini kesho yake tulimwona akimtengea bibi maji ya moto ya kuoga kabla ya jua kuchomoza, akimwita "mama", na bibi akimjibu bila kusema lolote juu ya chumvi.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yote yameisha. Ndugu wawili wa marehemu hawaongei nao hadi leo, na kila msimu wa kulima bibi huhofu. Naomi naye alirudi Bethlehemu akitaka aitwe Mara, yaani uchungu, huku Ruthu amesimama pembeni yake. Alisema amerudi mikono mitupu. Ruthu hakujibu. Wanawake wa mji ule ndio waliomwambia mwishoni kwamba mkwe huyo ni mwema kwake kuliko watoto wa kiume saba. Wakati mwingine huhitaji jirani akuonyeshe mkono wako umeshika nini.

Pentekoste na mabua ya mtama

Jumapili tarehe 8 Juni tulisali katika kanisa la kijiji. Mabua ya mtama yalikuwa yamefungwa kwenye nguzo, na mbele ya madhabahu akina mama walikuwa wamepanga malimbuko: uwele, karanga, mbuzi mmoja mwenye kelele, kuku, na kikapu cha zabibu. Ngoma zilipigwa na akina mama wenyewe, kama ilivyo desturi ya Kigogo katika muheme, ngoma ikibanwa katikati ya mapaja. Baada ya ibada palikuwa na mnada nje, na kuku mmoja akauzwa mara tatu, kila aliyemnunua akimrudisha auzwe tena kwa ajili ya kanisa.

Mjini Dodoma Kanisa Kuu la Anglikana linaitwa la Roho Mtakatifu, na watu wengi wa mkoa huu hukumbuka Pentekoste kwa habari za upepo na ndimi za moto. Hatukatai. Lakini safari hii tuliisoma sura ya pili ya Matendo ya Mitume kwa macho mengine. Umati ule ulikuwa Yerusalemu kwa sababu ya Sikukuu ya Majuma, sikukuu ya mavuno na ya pembe ya shamba. Wageni wa mataifa mengi walisikia wakisemeshwa kwa lugha zao. Na ukiendelea hadi sura ya sita, utakuta kanisa hilo changa limeingia katika manung'uniko. Sababu? Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika kugawa chakula kila siku. Wajane, tena wageni wa lugha! Wakachaguliwa watu saba wa kushughulikia jambo hilo. Basi hata kanisa lililojaa Roho lilihitaji kukumbushwa kuacha pembe.

Tulifikiri pia juu ya Habakuki, yule anayesomwa siku ya pili. Anataja mizabibu isiyozaa, mashamba yasiyotoa chakula, mazizi yasiyo na ng'ombe, na bado anasema atamfurahia Bwana. Kwa nini watu wasome habari za kukosa siku ya kushukuru kwa kupata? Ukiwa umekaa kati ya watu ambao babu zao walipita katika Mtunya, swali hilo hujijibu. Mwenye kuijua njaa anapovuna, hukumbuka kwamba mwaka ujao huenda yeye ndiye atakayeokota katika pembe ya mwingine. Kumbukumbu la Torati sura ya 16, ikizungumzia sikukuu hii hii, humwagiza mtu afurahi pamoja na mwanawe, binti yake, mtumishi wake, mgeni, yatima na mjane, na akumbuke kwamba naye alikuwa mtumwa Misri.

Kurudi nyumbani

Tulipoaga, bibi alitufungia uwele katika kitambaa, kila mmoja fungu lake. Tulipita tena karibu na ile pembe ya shamba. Masuke yalikuwa yamekwisha. Nani ameyachukua hatukujua, na bibi hakuuliza.

Sisi wa mjini hatuna mashamba. Lakini tulipokuwa kwenye treni tulianza kuhesabu pembe zetu. Yuko binti wa kazi, ambaye naye ni mgeni katika nyumba, na ametoka mbali akala baada ya wote. Yuko mjane wa shemeji, ambaye tangu msiba hatujampigia simu. Uko mshahara, ambao tunaumaliza hadi ukingoni, kisha tunatoa sadaka katika makombo. Na wako wakwe. Tukiwa mama wakwe tumesahau tulivyotetemeka tulipoingia katika nyumba za watu. Tukiwa wake za watoto wao tumesahau kwamba mama yule naye amepoteza kitu, hata kama hajafiwa.

Mwezi huu, dada mpendwa, keti na akina mama wenzako mkisome Kitabu cha Ruthu chote kwa mara moja, kwa sauti. Kisha mwulizane: Katika nyumba yangu, nani ninayemwita mgeni? Pembe ya shamba langu ni ipi, nami huimaliza? Nikiulizwa barazani juu ya mjane wa nyumba yetu, nitasema yeye ni nani kwangu? Na kama kuna mjane jirani yako anayesumbuliwa juu ya ardhi, msimwombee tu. Vaeni, mwende naye.

Mmoja wetu, ambaye ni mama mkwe kwa miaka minne sasa, alikuwa kimya tangu tuondoke Dodoma. Tulipokaribia Morogoro alitoa simu, akasogea hadi mwisho wa behewa ili tusisikie. Hatukusikia aliyoyasema. Tuliona tu kwamba alizungumza muda mrefu, na aliporudi aliketi akaifungua ile nguo yenye uwele, akagawa fungu lake mara mbili.